Kabla ya kumwona avoka: Kiswahili cha Kongo katika mkutano wa kwanza wa mwombaji hifadhi

Utangulizi

Mwaka jana mama mdogo wangu alinipigia simu kutoka Ubelgiji. Alikuwa amefika kule wiki chache tu. Alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa chumbani walikuwa wengi: "Mwana yangu, niko na randevu na avoka, bado siku kumi. Weye unasomaka mambo ya luga. Nimuambie nini?"

Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa sheria. Nasoma lugha za Kiafrika hapa Lubumbashi, na mambo ya wageni na wakimbizi siyajui kuliko mtu mwingine. Lakini baada ya kukata simu niliona kwamba alikuwa amegonga mlango wa haki. Mama mdogo amekulia Bukavu. Anasema Mashi na Kiswahili cha kwetu. Kifaransa chake ni cha sokoni: kinatosha kwa bei na salamu, hakitoshi kueleza kwa nini umeacha nyumba yako. Kwa hiyo maisha yake yote yangepita katika kinywa cha mkalimani. Na hilo ni jambo la lugha.

Makala hii inatokana na siku kumi tulizojiandaa pamoja kwa simu. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuiandika. Yaliyompata sitayasimulia, kwa sababu ni yake. Sentensi nitakazotoa kama mifano nimezitunga au kuzibadili, lakini matatizo yaliyomo ni ya kweli. Neno langu ni moja: kujiandaa kumwona avoka hakuna maana ya kukariri hadithi. Maana yake ni kupitia maneno yako moja moja na kuuliza kama kila neno, likivuka kwenda Kiswahili cha mtu mwingine na kutoka hapo kwenda Kifaransa, litafika na maana ileile.

1. Avoka anatafuta nini

Kwanza tujue mkutano huu uko mahali gani katika safari. Ubelgiji, mtu anayeomba hifadhi anaandikishwa, anapewa karatasi inayoshuhudia ombi lake, kisha anahojiwa kwa ufupi na Ofisi ya Wageni. Baadaye huja mahojiano marefu mbele ya Komisariati Kuu ya Wakimbizi, ile inayojulikana kwa herufi CGRA. Ndiyo inayoamua. Ikikataa, kuna mahakama ya kukata rufaa, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi, unahesabiwa kwa siku. Asiye na pesa anaweza kupata avoka bila malipo, anayeitwa kule "pro deo". Avoka ana haki ya kukaa karibu naye katika mahojiano marefu. Na yale anayoambiwa na mteja wake analazimika kuyatunza kama siri.

Avoka hasikilizi kama jirani anavyosikiliza. Anasikiliza akiwa na sheria mkononi. Mapatano ya Geneva ya 1951 yanasema mkimbizi ni mtu mwenye hofu ya haki ya kuteswa kwa moja ya sababu tano: rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, kundi la kijamii alimo, au mawazo yake ya siasa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 15 Desemba 1980 imeyaingiza hayo, na baadaye ikaongezwa ulinzi wa pili kwa mtu asiyeingia katika sababu hizo tano lakini ambaye akirudishwa kwao atakabiliwa na hatari kubwa, kwa mfano vita inayopiga raia ovyo.

Kwa hiyo maswali ya avoka yanarudi palepale: nani alitenda, lini, wapi, kwa sababu gani, uliomba msaada kwa serikali au hapana, na kwa nini usingeweza kuishi mahali pengine katika nchi yako. Ukitazama vizuri utaona kwamba hayo ni maswali ya sarufi pia. Nani ni mtendaji. Lini ni njeo. Wapi ni kielezi cha mahali. Ndipo nilipomwambia mama mdogo: "Tutafuata njia hiyohiyo."

2. Kutoka kinywani hadi karatasini

Sisi wanafunzi wa isimu tuna waliotutangulia katika jambo hili. Mbelgiji Jan Blommaert, aliyechunguza Kiswahili cha Tanzania na pia maandishi ya watu wa Katanga, alitoa mwaka 2001 makala kuhusu masimulizi ya Waafrika wanaoomba hifadhi Ubelgiji. Alionyesha kwamba anayeomba analazimika kusimulia kwa lugha asizozimiliki vizuri, mbele ya watu wenye desturi nyingine ya kusimulia, na kwamba maandishi yanayotoka pale hayalingani na alichokuwa nacho moyoni. Katrijn Maryns naye mwaka 2006 alitoa kitabu kizima juu ya lugha katika mahojiano hayo ya Ubelgiji.

Mwaka 2009 Blommaert alichapa makala nyingine, juu ya kijana aliyejieleza kuwa Mnyarwanda na ombi lake likakataliwa Uingereza. Sababu mojawapo ilikuwa lugha: zile alizozijua hazikulingana na zile ambazo maafisa walizitarajia kwa Mnyarwanda. Maisha yake ya kuhamahama yalikuwa yamempa vipande vya lugha nyingi, na vipande hivyo vikageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Nilipoyasoma hayo darasani yalikuwa masomo tu. Sasa yalikuwa na sura ya mama mdogo.

3. Kiambishi -aka

Tuanze na kitenzi. Tazama sentensi hii ya Bukavu:

(1) Balikuyaka ku nyumba yetu usiku.

Kwetu, kiambishi -aka (au -ka) mwishoni mwa kitenzi kina kazi zaidi ya moja. Pamoja na wakati uliopo kinaonyesha mazoea, kama mama mdogo alivyosema "unasomaka". Pamoja na wakati uliopita mara nyingi kinaonyesha tu kwamba jambo ni la zamani, limekwisha. Anayesema (1) anaweza kuwa na maana kwamba walikuja usiku mmoja, zamani kidogo. Anaweza pia kuwa na maana kwamba walikuwa wakija. Msikilizaji wa kwetu anajua kwa kufuata mazungumzo.

Nilitaka kuona mtu wa mbali angesikia nini. Hapa Lubumbashi madereva wa malori kutoka Tanzania si wageni. Wanaingia kila siku kwa Kasumbalesa. Nilikwenda kwenye maegesho yao na kuwasomea sentensi (1) watatu kati yao. Wote watatu walijibu namna moja: "Walikuwa wanakuja, kila mara." Mmoja akaeleza: "Hata sisi tunasema hivyo, anakujaga, ananipigiaga." Ni kweli. Katika mazungumzo ya Tanzania kuna -aga, na kazi yake ni kuonyesha mazoea. Sikio la dereva limekamata kiambishi chetu na kukipa maana ya kwao.

Sasa weka mkalimani mahali pa dereva. Karatasini itaandikwa kwamba watu wale walikuwa wakija mara kwa mara. Mwezi mmoja baadaye, katika mahojiano marefu, mama atasema walikuja usiku mmoja tu. Afisa ataziweka karatasi mbili pamoja na kuona maneno yanayopingana. Mama hakudanganya. Kiambishi ndicho kilichobeba maana mbili.

Dawa yake ni rahisi: usikiachie kitenzi peke yake kazi ya kuhesabu. Ongeza idadi:

(2) Walikuja usiku mmoja tu. Hawakurudi tena.
(3) Walikuja mara tatu: mara ya kwanza ilikuwa hivi, mara ya pili hivi.

Hapa pia kuna mtego. "Mara moja" ina maana mbili katika Kiswahili chote: kwa idadi ya moja, na kwa haraka bila kukawia. "Nilikimbia mara moja" inaweza kufika kwa avoka kwa maana yoyote kati ya hizo. Tulikubaliana mama mdogo aseme "nilikimbia siku ileile" au "nilikimbia kwa mara ya kwanza", kufuatana na ukweli.

4. Saa, siku na miaka

Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa nne ya asubuhi ni "dix heures" kwa Kifaransa, na saa nne ya usiku ni "vingt-deux heures". Mkalimani mzoefu analijua hilo. Lakini mkalimani aliyechoka anaweza kuivusha namba na kuiacha saa nyuma, na tukio la saa nne ya usiku likawa la saa kumi ya alfajiri. Nilimfundisha mama mdogo kusema saa pamoja na kazi iliyokuwa ikifanyika: "Ilikuwa saa nne ya usiku, watoto wamekwisha kulala." Namba ikipotea, watoto waliolala wanabaki.

Tarehe ni ngumu zaidi. Watu wengi kwetu hawatunzi tarehe, wanatunza matukio. Mama mdogo anasema "wakati ule wa Mutebutsi" au "mbele ya uchaguzi". Kwa mtu wa Bukavu hiyo ni kalenda kamili. Kwa avoka wa Bruxelles si kitu. Basi tulitengeneza kamba ya matukio yanayojulikana na wote, kila moja na tarehe yake, ili yale ya kwake ayafunge hapo:

- Kuuawa kwa Askofu Mkuu Munzihirwa, Bukavu: tarehe 29 Oktoba 1996.
- Bukavu kutekwa na askari wa Nkunda na Mutebutsi: mwanzo wa Juni 2004.
- Duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais: tarehe 30 Julai 2006.
- Tetemeko la ardhi la Bukavu: tarehe 3 Februari 2008.
- Uchaguzi wa Desemba 2018, na ule wa Desemba 2023.
- Nyiragongo kulipuka: tarehe 22 Mei 2021.
- M23 kuingia Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari 2025.

Kila tukio la maisha yake alilitafutia mahali kwenye kamba: kabla ya hili, baada ya lile, mwaka mmoja kati yao. Pale alipokumbuka mwezi tu, aliandika mwezi tu. Jambo hili nalisisitiza. Anayebuni tarehe ili apendeze anajitegea mtego, kwa maana tarehe ya kubuni haikumbukwi mara ya pili. "Ilikuwa kati ya Pasaka na mwisho wa shule" ni jibu zuri kama ni la kweli.

5. Ndugu, mtoto, mama mdogo

Avoka atauliza juu ya jamaa: mume, watoto, kaka na dada, nani yuko hai, nani yuko wapi. Majina hayo yataandikwa, na siku mtu atakapoomba watoto wake wamfuate, orodha ile ya kwanza itasomwa tena.

Kwetu "ndugu" anaweza kuwa mtoto wa tumbo moja, mtoto wa baba mkubwa, au mtu wa kijiji kimoja. "Mtoto wangu" anaweza kuwa mtoto wa dada yangu marehemu niliyemlea tangu akiwa wa miezi sita. Hakuna uongo hapo. Ndiyo namna yetu ya kuhesabu watu. Lakini Kifaransa cha ofisi kinatenga "frère" na "cousin", "fils" na "neveu". Mwanamke akisema leo ana watoto watano, na kesho karatasi zikaonyesha alizaa watatu, ataulizwa kwa nini.

Hata mimi ninayeandika ni mfano. Kwetu "mama mdogo" ni mdogo wake mama. Mahali pengine neno hilohilo ni mke mwingine wa baba. Mkalimani anaweza kumfanya mama mdogo wangu kuwa mke mwenza wa mama yangu kwa neno moja tu.

Tulifanya hivi. Alichora mti wa jamaa kwenye karatasi, na kwa kila mtu aliandika njia ya kufika kwake: "mtoto niliyezaa", "mtoto wa dada yangu, nimemlea tangu 2015, mama yake amekufa". Asiondoe watoto wa kulea kwa kuogopa. Avoka anahitaji kuwajua wote ili aeleze hali yao kama ilivyo. Wala asiwaite wa tumbo lake ili kurahisisha.

6. "Mimi ni mtu wa Kabare"

Swali linaloonekana jepesi ni hili: unatoka wapi? Mama mdogo alinijibu papo hapo: "Kabare." Nikamwuliza umelala Kabare mara ngapi. Akacheka. Alizaliwa Kadutu, akasoma Kadutu, akaolewa na kufanya biashara mjini Bukavu. Kabare ni kwa babu; anakwenda kwa mazishi.

Katika Kiswahili chetu "mtu wa" na "kwetu" vinataja asili ya baba. Ofisi inayouliza inataka kujua uliishi wapi, kwa sababu itaulizia barabara, soko, shule na wakubwa wa mahali hapo. Aliyejibu Kabare ataulizwa ya Kabare, na akishindwa itaonekana kwamba hasemi kweli juu ya mahali anapotoka. Tulitenganisha maswali matatu: nilizaliwa wapi, niliishi wapi na kuanzia mwaka gani, na asili ya ukoo wangu ni wapi. Aliandika mitaa yote aliyokaa, kwa mpango wa miaka.

7. Nani alitenda, na alitenda nini

Kwa woga au kwa heshima, watu wetu huficha mtendaji. "Balikuya." "Bale bantu." Sheria inataka kujua kama aliyetenda ni mtu wa serikali, wa kundi lenye silaha, au jirani, maana jibu linabadili hoja nzima: nani angekulinda ikiwa anayekutesa ndiye mwenye kazi ya kulinda?

Neno "askari" halitoshi. Linaweza kuwa mwanajeshi, polisi, hata mlinzi wa duka. Na neno letu "basoda", linalotoka katika Kifaransa "soldat", liliwachekesha madereva wangu. Kwao soda ni ya chupa. Ni afadhali kusema: mwanajeshi wa FARDC, polisi, Mzalendo, mtu wa M23. Kama hujui, eleza ulichokiona: nguo, lugha waliyosema, silaha, gari, namna walivyoitana. "Sijui walikuwa nani, lakini walisema lugha hii na walivaa hivi" ni ushuhuda.

Angalia pia vitenzi. "Balinishika" inaweza kuwa walinikamata mkono au walinitia kizuizini. "Balinifunga" inaweza kuwa kwa kamba au gerezani. Ongeza mahali na muda: "Walinifunga katika chumba cha kamp yao, siku mbili."

Kuna maneno mengine yaliyofunikwa kwa adabu. Mwanamke anasema "balinifanyia mubaya", na kila mwanamke wa kwetu ameelewa. Kwa Kifaransa inabaki kwamba walimtendea vibaya, na hapo inaweza kuwa matusi au kofi. Sitamwambia mtu yeyote aseme kwa nguvu jambo linalomchoma. Katika mkutano wa kwanza inatosha kusema: "Kuna jambo gumu lililonipata, naomba nilieleze kwa mwanamke." Unaweza kuomba mkalimani mwanamke. Unaweza pia kuliandika neno lenyewe, kubaka, kwenye karatasi na kumpa avoka, mara moja. Kisichofaa ni kulificha kabisa na kulileta baadaye sana, maana wataulizia kwa nini halikutajwa mapema.

8. Jina na karatasi

Sisi tuna jina, "postnom" na "prénom", kwa mtindo uliotoka katika enzi ya Mobutu, miaka ya 1970. Huko Ulaya fomu nyingi zina nafasi mbili tu. Tena majina ya Kishi yana tahajia nyingi: jina kama Cibalonza linaweza kuandikwa Chibalonza au Tshibalonza, kwa kuwa sauti ni moja na desturi za kuandika ni tatu. Kadi ya mpiga kura inasema hivi, diploma inasema vile. Usisubiri waigundue tofauti. Mwambie avoka mwenyewe, umwonyeshe karatasi zote mbili.

Mama mdogo alipanga karatasi zake katika bahasha tatu. Ya kwanza: zinazosema yeye ni nani, yaani kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo, cheti cha shule. Ya pili: zinazogusa yaliyompata, yaani karatasi za hospitali, picha, ujumbe wa simu bila kufutwa. Ya tatu: kila barua aliyopokea Ubelgiji, pamoja na bahasha yake, kwa sababu kuarifiwa kwa barua ndiko kunakoanza kuhesabu siku. Watu wa chumbani walimwambia kuna mtu anayeuza hadithi na karatasi "zenye kupita". Nilimwomba asizikaribie. Karatasi moja ya uongo inaua kumi za kweli, na hadithi ya kununua ina mwenyewe, si wewe.

9. Mkalimani

Fomu ikiuliza lugha, usiandike "Kiswahili" tu. Andika "Kiswahili cha Kongo, Bukavu". Na kama Mashi ndiyo lugha unayoweza kulilia na kusimulia bila kutafuta maneno, sema hivyo mapema.

Mbele ya mkalimani tuliweka kanuni nne. Sema sentensi mbili, kisha ngoja. Usimwulize mkalimani ushauri. Yeye ni daraja, avoka ndiye mshauri. Mwishoni omba usomewe yaliyoandikwa. Na usione haya kusema "sikusema hivyo". Kwetu kumkatiza mtu mzima ni kukosa adabu, na mama mdogo alikuwa na shida na hilo kuliko yote. Tulilifanyia mazoezi kwa simu: mimi nilikuwa mkalimani mbaya, natafsiri vibaya makusudi, naye ananisimamisha. Siku ya kwanza aliniacha nipite mara tatu. Siku ya nne hakuniacha hata mara moja.

Hitimisho

Siku ilifika. Mkutano ulichukua muda usiofika saa nzima. Mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanaume mwenye Kiswahili cha pwani. Jioni mama mdogo alinisimulia. Avoka aliporudia maneno yake, alisoma kwamba watu walikuwa wakija usiku. Mama mdogo aliinua mkono: "Hapana, baba. Usiku mmoja tu." Avoka akafuta, akaandika upya. Mti wa jamaa aliutoa kwenye bahasha, na avoka akaomba nakala.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliandaa. Mkalimani alisema kitu ambacho mama mdogo hakukielewa, naye akajibu: "Sisikii." Kwetu kusikia lugha ni kuielewa, tunasema "sisikii Kifaransa" na hakuna anayefikiri tuna ugonjwa wa masikio. Mkalimani alifikiri simu ni mbaya. Akarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya pili, mara ya tatu. Mama mdogo aliona aibu, akataka kusema ndiyo ili yaishe. Hapo akakumbuka kanuni, akatafuta neno lingine: "Sijaelewa, baba. Masikio ni mazima." Avoka alicheka alipotafsiriwa, kisha akaandika katika dosari kwamba mteja huyu anahitaji mkalimani wa Kiswahili cha Kongo.

Nimekaa miaka minne katika fakilti hii, na neno "kusikia" lilinipita, kwa sababu liko karibu mno nami. Nadhani ndipo kazi yetu ilipo. Tuna sarufi na orodha za maneno ya Kiswahili cha Kongo, lakini hatuna hata ukurasa mmoja wa maneno yetu ya kila siku yanayoharibika njiani kuelekea Kifaransa: -aka, ndugu, mtu wa, kushika, kusikia. Napendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alete maneno matano ya namna hiyo kutoka mji wake, Kalemie, Kindu, Uvira, Bunia au Kolwezi, pamoja na sentensi moja ya mfano na maelezo ya namna ya kuyanyoosha.

Mama mdogo bado anangoja mahojiano marefu. Juzi alinipigia, safari hii yeye ndiye aliyekuwa na orodha. Amekaa na wanawake wawili wa Uvira waliofika baada yake, na amewakuta na maneno mengine sita. Nimeyaandika.